Ukuta Ulionenepa Kwenye Ramani

"Hesabu tena, dada inspekta. Mwizi haibi zote, anadokoa."

Aliyesema ni Osama, ami wa mtoto aliyefia chini ya kifusi hiki. Alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imeshika vumbi mpaka magotini, anamtazama Inspekta Sihaba Mwishehe aliyechuchumaa juu ya kifusi. Sihaba akazihesabu nondo mara ya pili, moja moja, kwa kidole. Idadi ilikuwa ile ile iliyo kwenye ramani. Unene ulikuwa ule ule. Akachukua nyundo akaligonga zege penye ukingo. Lilitoa sauti ngumu, halikumeguka.

"Nondo zimetimia, Bwana Osama. Na saruji haikupunjwa."

"Basi limeanguka kwa uchawi?"

Sihaba akaishusha nyundo. Juzi Alhamisi, saa saba mchana, zege la juu ya chumba hiki cha ndani lilishuka lote kwa pamoja. Asubuhi ya siku hiyo tangi la maji lilikuwa limejazwa juu kwa mara ya kwanza. Chini alikuwepo Shihab, miaka minane, anajalidi madaftari ya shule kwa gazeti. Ndiye mtoto pekee wa marehemu Mbaruk na mkewe Thuwaiba. Mbaruk mwenyewe alikufa kwa maradhi miezi minne nyuma, akaacha wasia kwamba ghorofa ijengwe bila kusubiriwa mtu, na mjane akaendeleza ujenzi akiwa ndani ya eda. Sasa fundi Majaliwa yumo mahabusu kwa neno la Osama kwamba kaiba nondo. Leo Jumamosi. Jumatatu faili linakwenda kwa wakili wa serikali: ama mzee wa watu anashtakiwa kuua bila kukusudia, ama anarudi kwao Kiwangwa.

"Bwanausi, nishikie futi."

Konstebo Bwanausi akashika ncha ya futi ya chuma. Walipima kwanza boriti, yaani kile chuma kirefu kilichobeba zege. Kilikuwa kimelala mshazari, upande mmoja bado umo kwenye tundu la ukuta wa nyuma, upande wa pili umechomoka kwenye ukuta wa kati na kuchimba sakafu.

"Mita tatu na sentimita sabini na nane," Bwanausi alisoma.

"Ramani inasemaje?"

"Tatu sabini na nane. Sawasawa, afande. Hakuna aliyekikata."

Sihaba akainama kwenye ncha za chuma. Chokaa na saruji huacha alama mahali zilipokishika chuma. Upande wa nyuma alama ilikuwa na urefu wa kiganja: sentimita kumi na tano. Upande wa ukuta wa kati akaitafuta alama kwa tochi ya simu. Akaiona. Akaipima. Akaipima tena.

"Tatu."

"Mita tatu?"

"Sentimita, Bwanausi. Zege lote hili, na tangi la maji, upande huu lilikuwa limekaa juu ya vidole viwili."

Wakapima chumba. Ukuta hadi ukuta kilikuwa mita tatu na sitini. Ramani ilisema tatu arobaini na nane. Sihaba akamtuma Bwanausi mlangoni apime unene wa ukuta wa kati. Bwanausi akapaza sauti kutoka huko.

"Arobaini kamili!"

"Kwenye ramani ni hamsini na mbili."

"Basi ukuta umekonda, afande. Labda umefunga sunna."

Sihaba akamtazama tu. Bwanausi akakumbuka yuko wapi, akavua kofia yake.

Kwenye ramani, sentimita kumi na mbili zimepungua kwenye chumba, kumi na mbili zimezidi kwenye ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe una miaka zaidi ya mia, haukui wala haupungui. Aliyeunenepesha aliunenepesha kwenye karatasi.

*

Majaliwa alitolewa mahabusu akiwa peku, mkanda hana, suruali ameikunja kiunoni isimvuke. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mikono imepasuka kwa saruji.

"Kaa, mzee Majaliwa. Shikamoo."

"Marahaba, afande. Mnaniamkia huku mmenifungia."

"Nondo hukuiba. Nimezihesabu."

Mzee alikaa. Hakuonyesha furaha.

"Mihimili ya miti iliyoshikilia zege uliitoa lini?"

"Siku ya ishirini na mbili. Wenzangu wanatoa siku ya kumi, mimi sitoi. Ingawa walikuwa wananiita Makurunge, kuna nyumba za wafanyakazi kule, simu kila siku. Nilikataa mpaka zege likauke."

"Na chuma kilitoka wapi?"

"Kilikatwa Dar kwa vipimo vya ramani, kikaja na gari mpaka mlangoni."

"Na ulipokipandisha?"

Majaliwa akasugua kiganja kwa kiganja.

"Nilikichomeka nyuma mpaka kikafika mwisho wa tundu. Nikakijengea. Nikaja mbele. Nikaona kimelambalamba tu ukuta."

"Kwa hiyo ulijua ni kifupi."

"Nilijua."

"Ukafanyaje?"

"Nikampigia simu Yahya, yule kijana mchora ramani. Nikamwambia mwanangu, chuma hakifiki. Akaniuliza, ukuta una sentimita ngapi? Nikamwambia arobaini. Akasema hapana fundi, kompyuta inasema hamsini na mbili, utakuwa umebandua plasta ya zamani ukala ukuta. Jazia chokaa na kokoto mpaka itimie."

"Na wewe ulikuwa umebandua plasta?"

"Kidole kimoja. Kidole kimoja, afande! Si kiganja."

"Kwa nini usiache kazi?"

"Ramani ina muhuri." Alimtazama Sihaba kama anayemuomba amsaidie neno. "Mimi darasa la saba. Nibishane na muhuri? Nikajazia. Nikapiga lipu juu, ikapendeza. Yule mtoto akaja akaniambia, fundi, umekula chakula? Mama kauliza." Akaitazama mikono yake. "Nondo sikuiba. Lakini mkono uliopiga lipu pale ni huu. Msinisafishe sana."

Hapa ndipo penye kutuponza wengi tuliosoma kidogo. Jicho limeona, mkono umepapasa, lakini karatasi imesema, basi tunaliambia jicho linyamaze. Kila mzazi anayejenga juu huku wanawe wanalala chini alikumbuke hilo, asione haya kumuuliza mwenye muhuri mara mbili.

*

Ofisi ya Yahya ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, karibu na stendi. Yahya alikuwa na miaka ishirini na sita, macho mekundu. Alisimama walipoingia, akasahau kuwakaribisha.

"Shikamoo afande. Nimekuwa nikiwangoja tangu Alhamisi."

"Marahaba. Ungekuja mwenyewe. Kituo si mbali."

"Miguu imekataa."

"Washa kompyuta. Fungua ramani ya nyumba ya Mbaruk."

Ramani ikajitokeza. Sihaba akavuta kiti.

"Nifundishe kama unamfundisha mtoto. Hizi kufuli ndogo kwenye namba ni za nini?"

"Programu hii haichori mistari tu, afande. Kila kitu kimeshikana. Ukisogeza ukuta, mlango unaufuata, boriti inajirefusha yenyewe. Sasa kipimo ulichokipima mwenyewe, ambacho hutaki kicheze, unakifunga kufuli. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Ulifunga vipi?"

"Nyumba nzima kwa nje, mita nane na arobaini. Sebule ya mbele, tatu na sitini. Chumba cha ndani, tatu arobaini na nane. Kuta tatu, arobaini kila moja."

"Bwanausi, jumlisha."

Bwanausi akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. "Sebule na chumba, saba na nane. Kuta tatu, moja na ishirini. Jumla nane ishirini na nane." Akainua kichwa. "Nje ni nane arobaini. Kumi na mbili hazipo."

"Kompyuta ilikwambia hivyo?" Sihaba aliuliza.

"Iliniambia."

"Kwa maneno gani? Nionyeshe."

Yahya alirudisha vipimo kama vilivyokuwa siku ile, akafunga kufuli zote. Mara kijisanduku kikaruka katikati ya skrini, kina alama ya njano, na ramani yote ikageuka rangi. Akamtafsiria: vipimo hivi vinapingana, haiwezekani vyote vikawa kweli. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja cha kurudi nyuma. Kingine cha kuondoa kufuli.

"Kilitokea mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya kwanza nikaandika namba upya. Ya pili nikazima nikawasha, nikadhani imeganda. Ya tatu..."

"Bonyeza ulivyobonyeza ya tatu."

Yahya akakishika kipanya. Kisha akabonyeza kuondoa kufuli, akachagua ukuta wa kati. Kijisanduku kikatoweka. Rangi ikarudi. Kila kitu kikatulia. Sihaba alipoukodolea macho ukuta wa kati aliona umevimba kidogo kuelekea chumba cha ndani, na ncha ya boriti imeufuata, imeingia ndani yake sentimita kumi na tano kama sheria inavyotaka. Kati ya hizo, kumi na mbili zilikuwa hewa.

"Kwa nini ukachagua ukuta?"

"Kuta za mji wa zamani hazinyooki, afande. Hapa nene, pale nyembamba. Nikasema tofauti itakuwa imo humo."

"Ulimwambia mhandisi aliyepiga muhuri?"

"Nilimpelekea ramani ikiwa haina alama yoyote ya njano. Aliona imetulia, akagonga."

"Nani alipima nje?"

"Mimi, kwa futi yangu ya chuma. Na sebule mimi."

"Na chumba cha ndani?"

Yahya akatazama chini.

"Bi Thuwaiba alikuwa edani, wiki ya pili. Chumba cha ndani ndimo alimokaa. Mimi si maharimu wake. Nikapiga hodi, nikaeleza haja yangu nikiwa nyuma ya pazia. Akasema ngoja, nitakupimia. Baadaye kikatoka kikaratasi chini ya pazia."

"Unacho?"

Kilikuwa ndani ya jalada, kimepigiwa pini. Kipande cha daftari la shule, mwandiko wa kike, safi. Namba tatu zimepangwa wima: 150, 150, 48. Chini mstari, na jumla yake.

"Kompyuta ilipokataa," Sihaba alisema, "ilikuwa dakika ngapi kwa miguu kutoka hapa mpaka kwenye lile pazia?"

"Kumi."

"Hukwenda."

"Niliona haya. Mjane yuko kwenye huzuni yake, nikamsumbue mara ya pili kwa ajili ya sentimita? Wallahi afande, nilidhani ninamstahi."

Bwanausi akamwambia akaweke simu na mkanda wake mezani. Kijana akafanya hivyo bila kuambiwa mara mbili, kisha akakaa sakafuni badala ya kitini.

Nje kwenye ngazi Bwanausi akamshika Sihaba mkono wa shati.

"Afande. Kabonyeza mwenyewe, kakiri mwenyewe. Tuishie hapo."

"Wakili atauliza arobaini na nane ilitoka wapi. Osama atasema fundi aliibadili. Tusipokuwa na jibu, mzee hatoki."

"Jibu tunalo wote wawili."

"Mia na hamsini, mia na hamsini, arobaini na nane," Sihaba alisema. "Futi ya fundi cherehani huishia mia na hamsini. Aliilaza mara tatu. Zimepotea kumi na mbili. Kila alipoilaza zilipotea nne."

"Ndiyo nasema, tuishie hapo. Yule mama kazika juzi."

Sihaba akashuka ngazi.

*

Sebule ya mbele ilikuwa imebaki nzima. Wanawake wa msiba walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wakaombwa watoke kidogo. Osama alibaki barazani, nyuma ya pazia.

"Assalamu alaykum, Bi Thuwaiba."

"Waalaykum salaam. Karibu."

"Pole. Sina neno kubwa kuliko hilo."

"Limetosha." Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, amejitanda nguo nyeupe, hana hata pete. Eda yake ilikuwa imebakiza siku tatu. "Mmemfunga yule mzee kweli? Shemeji ananiambia ni mwizi. Mimi simuoni mwizi. Mwizi hanawi mikono kabla ya kupokea sahani ya watu."

"Si mwizi. Nimekuja ili nikamtoe." Sihaba akakitoa kikaratasi. "Mwandiko huu ni wako?"

Thuwaiba akakipokea, na uso wake ukalainika kidogo.

"Wangu. Nilijumlisha mara mbili nisimpe mtu kosa. Mimi na Shihab tulipima. Nilimwambia, leo sisi ndio mainjinia."

"Mlipima kwa kitu gani?"

"Kwa futi yangu ya kushonea. Ile pale."

Ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Sihaba akasimama akaitungua. Kwenye kichwa chake, kabla ya namba ya kwanza, palikuwa na kitanzi cha kitambaa cha kanga kilichoshonwa kwa mkono, kwa nyuzi mbili, imara.

"Kitanzi hiki?"

"Nilikitia mwenyewe. Ilikuwa inapotea kila siku, nikaifanyia pa kutundikia."

"Nionyeshe mlivyopima."

"Yeye alikuwa ukutani. Akashika mwanzo, akaubana kwa kidole gumba. Mimi nikavuta mpaka mwisho, nikatia alama ya chaki. Akaja kwenye chaki, akabana tena. Hivi." Akakishika kitanzi kwa ncha, akakibana kwenye ukingo wa meza ya cherehani jinsi mtoto alivyokibana. "Alikuwa anasema, mama vuta, nimeshika, haiponyoki..."

Sihaba alikuwa amelaza futi ya chuma sambamba. Thuwaiba alikuwa mshonaji wa miaka kumi na tano, na jicho la mshonaji huona sentimita moja kwenye pindo la mbali. Akatazama ncha ya kitanzi, akatazama namba ya kwanza ilipoanzia. Akatazama futi ya chuma. Midomo yake ikatembea: nne. Nne. Nne.

Nje Osama alikohoa.

"Mimi nikipima kiuno cha mtu," Thuwaiba alisema taratibu, "naanzia penye namba. Mkono wangu unajua. Sikumwambia. Hakuna aliyemwambia aanzie wapi." Akaikunja futi, akaikunjua. "Na kompyuta ya Yahya? Si husemwa ile ni akili kubwa? Haikuona?"

"Iliona. Ilikataa mara tatu."

"Ilikataa?"

"Ilikataa. Akaondoa kufuli."

"Hakuja kuniuliza."

"Aliona haya. Uko edani."

"Ningesimama nyuma ya hilo pazia, nikapima tena." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kwani ni kazi gani? Chai haingepoa. Heshima gani hiyo wamenifanyia, dada yangu? Fundi kaheshimu muhuri, Yahya kaheshimu eda. Hakuna hata mmoja aliyenigombeza akaniambia, mama, umekosea hesabu."

Akajifunika uso kwa mtandio. Sihaba aliweka karatasi za maelezo magotini, akangoja. Alingoja mpaka adhana ya alasiri ikaisha.

"Nahitaji maelezo yako, Bi Thuwaiba. Bila hayo mzee Majaliwa ataonekana mwongo kuhusu kipimo. Yahya atajibu lake, na fundi atajibu kwa kuficha kwa lipu, lakini wizi utafutika, na kutoka atatoka."

"Andika."

"Sema."

"Mimi Thuwaiba, mjane wa Mbaruk. Nilipima chumba cha ndani kwa futi yangu ya kushonea yenye kitanzi nilichokishona mwenyewe. Nilipima peke yangu."

Kalamu ikasimama.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Niliubana mwanzo kwa jiwe, nikavuta." Alimtazama Sihaba usoni kwa mara ya kwanza. "Watu watasoma hilo faili. Wakili atasoma, hakimu atasoma, ami zake watalisimulia barazani. Sitaki mtu yeyote duniani aseme mtoto alishika vibaya."

Miaka kumi na saba ya upelelezi Sihaba hakupata kuandika neno analojua si kweli. Alikuwa ameona alama ya saruji, ameona kitanzi, amesikia kwa masikio yake. Akaangalia kwenye pazia. Kivuli cha Osama kilikuwa kimesogea mbali kidogo. Akaangalia mikono ya yule mama.

"Maelezo ni ya msemaji," alisema. "Mimi naandika unayosema."

Akaandika: *peke yangu*. Akamsomea yote tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama utaratibu unavyotaka. Thuwaiba akachukua kalamu, kisha akaizuia hewani.

"Jina lake limo humo?"

"Limo juu, kwenye kichwa cha faili. Penye marehemu."

"Na mahali pengine?"

"Hapana."

"Hapo tu, basi," Thuwaiba alisema, akatia sahihi.